Je, wajua? Bandari jirani hazichezi bao

Bao la Kiswahili lina kete 64. Ukinila kete nane, nane hizo zimetoka upande wangu zikaingia upande wako, na jumla inabaki 64. Kwa miaka mingi niliamini bandari za mwambao zinashindana vivyo hivyo: kontena lililoteremshwa Dar es Salaam ndilo lililokosekana Mombasa, na Malindi yetu ya Unguja ikipata meli, kuna jirani aliyeliwa.

Si kweli. Kwanza, shehena si kete. Tozo zikipungua na meli zisipokaa siku nyingi nangani, mfanyabiashara aliyekuwa akiagiza kontena moja huweza kuagiza mawili. Pili, na hili ndilo lililonishangaza, bandari mbili zinaweza kupoteza kwa pamoja, jambo ambalo kwenye bao haliwezekani kabisa. Kuna tawi zima la hisabati linalochunguza mambo haya, nadharia ya mchezo: faida yangu inategemea hatua yako, na yako hatua yangu.

Chukua wauza urojo wawili pale Forodhani, meza kwa meza, na tuseme wateja ni 100 kwa usiku. Bakuli ni shilingi 2,000, wateja wanagawanyika nusu kwa nusu, kila mmoja anapata 100,000. Usiku mmoja wa kwanza anashusha bei hadi 1,500. Wateja 80 wanamfuata, anapata 120,000. Jirani anabaki na 20, yaani 40,000. Kesho yake jirani naye anashusha. Wateja wanarudi nusu kwa nusu, lakini sasa kila mmoja anapata 75,000.

Tazama ugumu wake. Mwenzako asiposhusha, kushusha kunakulipa. Akishusha, bado ni afadhali nawe ushushe, maana 75,000 ni bora kuliko 40,000. Kila mmoja kafanya la busara, na wote wawili wamepungukiwa. Pale ambapo hakuna anayefaidika kwa kubadili hatua peke yake panaitwa msawazo wa Nash, kwa jina la John Nash, aliyeueleza mwaka 1950.

Badala ya urojo weka tozo za gati, badala ya wateja weka kampuni za meli. Mizigo ya Uganda au Rwanda inaweza kupita Mombasa au Dar es Salaam, kwa hiyo mtego huo upo. Wengine wameukwepa kwa kuungana: Copenhagen na Malmö, bandari za nchi mbili tofauti, ziliunda kampuni moja mwaka 2001, Seattle na Tacoma za Marekani ziliunganisha biashara yao ya mizigo mwaka 2015. Ila tuwe waangalifu hapa. Wauza urojo wakikubaliana wanaweza pia kupandisha bakuli hadi 2,500, na kisiwani, ambako mchele unakuja kwa bahari, tozo ya gatini huishia kwenye kilo ya dukani.

Sasa lije lile linalonivutia kuliko yote. Angalia njumu za shaba kwenye mlango wa Mji Mkongwe. Shaba ile ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Mwaka 1838 Mfaransa Antoine Augustin Cournot aliwaza hivi: mtu mmoja ana shaba nyekundu yote, mwingine ana zinki yote, na kila anayenunua anataka kuchanganya. Kila mwenye mali akipandisha bei anatazama mfuko wake tu, haoni kwamba anamfukuzia mwenzake wateja pia. Mwisho wake mchanganyiko unakuwa ghali kuliko kama mali yote ingekuwa ya mtu mmoja, na wote wawili wanapata kidogo. Hapa mapatano yanashusha bei, kinyume kabisa na kwenye urojo!

Bandari ziko upande gani? Inategemea mzigo. Meli kubwa kabisa za makontena haziingii Malindi, kwa hiyo kontena la Unguja mara nyingi hushushwa kwanza kwenye bandari kubwa, kisha huletwa kwa meli ndogo. Kwa kontena hilo, bandari kubwa na Malindi ni shaba na zinki: tozo inajumlishwa juu ya tozo, kuchelewa juu ya kuchelewa. Bandari hizo hizo zikigombea meli moja ya watalii, ni meza mbili za urojo.

Na gunia la mchele likiendelea kwa chombo kutoka Malindi hadi Mkoani, Pemba, bandari zote mbili ziko chini ya Shirika la Bandari Zanzibar. Shaba na zinki ziko mkononi mwa mtu mmoja, na anayepanga tozo ana sababu ya kutazama safari nzima ya gunia. Lakini hilo linasimama tu kama mapato yanahesabiwa pamoja. Kila gati likipimwa kwa makusanyo yake lenyewe, tunarudi kwa wale wenye mali wawili wa Cournot, na anayelipa ni mnunuzi wa Chake Chake.