Kusoma majibu si kudurusu

Kila muhula wa tatu ujumbe huu hunifikia, na wiki hii umekuja tena: "Mwalimu, nitafutie pasti pepa nyingi zenye majibu, mtoto adurusu." Mzazi amekwisha kupita River Road, Nairobi, amebeba rundo la kopi, mitihani ya KCSE (ule wa taifa wa kidato cha nne) ya miaka kumi pamoja na mock, yaani mitihani ya majaribio, za kaunti kadhaa, na mtoto anazipitia kitandani kama anayesoma gazeti. Swali, jibu, swali, jibu. Matokeo yakija D, analaumiwa kwamba hakusoma. Alisoma sana. Hakufanya hesabu hata moja.

Jibu lililoandikwa vizuri huwa linaeleweka, na hapo ndipo penye hatari. Unafuata mistari minne ya mtu mwingine, yote inakuingia, basi unaamini unaweza kuiandika mwenyewe. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivirudia kuvisoma, wengine wakajaribu kuvikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele; baada ya wiki moja, waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Vile vilikuwa vifungu vya maelezo, si aljebra, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba hesabu hufuata kipimo kilekile. Lakini nikifungua madaftari ya wanafunzi, naona jambo hilohilo.

Chukua swali la alama tatu. Urefu wa bustani ya mstatili unazidi upana kwa mita 3, na eneo lake ni mita za mraba 40. Tafuta upana. Mwongozo wa kusahihisha utakuwa hivi: M1 (alama moja ya njia) kwa x(x + 3) = 40, M1 kwa (x + 8)(x − 5) = 0, A1 (alama moja ya jibu sahihi) kwa mita 5.

Wanafunzi watatu wamelikosa. Wa kwanza ameandika x + (x + 3) = 40, akapata 18.5. Sifuri. Wa pili ameunda mlinganyo sawasawa, kisha akaandika (x − 8)(x + 5) = 0 na kupata 8. Alama moja. Wa tatu amefika vizuri hadi mwisho, akaandika "x = 5 au −8" na kuachia hapo, kana kwamba bustani inaweza kuwa na upana wa chini ya sifuri. Alama mbili.

Wape wote watatu karatasi ya majibu uone. Wote watatikisa kichwa na kusema, "Aa, nilikosea kidogo tu." Kauli hiyo ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inazika magonjwa matatu katika kaburi moja. Wa kwanza hajui kugeuza maneno kuwa mlinganyo. Mpe maswali kumi ya maneno aunde milinganyo tu, asiikokotoe. Wa pili anahitaji mazoea ya kufungua mabano kabla ya kuendelea: hapo angepata −3x badala ya 3x, na kosa lingejifichua lenyewe. Wa tatu arudie kusoma mstari wa mwisho wa swali kabla ya kupigia jibu mstari. Rundo la kopi halimwambii yeyote kati yao ugonjwa wake ni upi.

Kujisahihisha kwataka ukali. Kama haiko kwenye karatasi, haina alama, hata ukiapa uliijua. A hutegemea M iliyoizaa. Ni B pekee, alama inayotolewa bila kudai njia, inayosimama yenyewe. Usijipe A kwa jibu lililotokea bila njia.

Namna ya kufanya, basi. Karatasi ya Hesabu ya KCSE ni saa mbili na nusu kwa alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa alama. Swali la alama tatu likipita dakika tano, liruke. Sehemu ya kwanza ina maswali 16, yote ya lazima. Ya pili ina manane, unachagua matano. Saa zikiisha, badilisha rangi ya kalamu na uendelee, ili ujue ni alama zipi ungezipata ndani ya muda na zipi umezipata kwa kuongezewa. Sahihisha kesho yake. Kando ya kila alama uliyopoteza andika sababu: sijui, nimekosea hesabu, sikusoma swali, au muda. Baada ya siku chache rudia maswali hayo tu, kwenye karatasi tupu.

Mzazi, hata kama hesabu ilikupiga chenga, kazi yako ipo: kaa na majibu wewe. Usiyatoe kabla ya kuona karatasi iliyoandikwa. Na kama nyumba ni ya chumba kimoja na watoto wadogo wanacheza, matawi ya maktaba ya McMillan ya Kaloleni na Makadara yapo karibu na wengi wa Eastlands.

Ukija kwa mwalimu kuomba msaada, usilete swali tupu. Leta ulichoandika, na uonyeshe mstari uliokwamia. Mwalimu anayekunyang'anya kalamu na kulimaliza swali lote amekupa karatasi nyingine ya majibu. Programu ya simu inayopiga picha swali na kutoa jibu ni vivyo hivyo. Mwambie mwalimu akupe hatua moja tu, kisha akuache.

Nisicho na uhakika nacho ni hizo "siku chache". Kuna wanaofanya vizuri wakirudia baada ya siku tatu, na wapo ambao wiki nzima huwafaa zaidi. Mimi huanza na tatu. Swali likipatikana bila kusitasita nalisogeza hadi wiki, likikosekana tena nalirudisha kesho. Kwa idadi, karatasi moja kwa wiki iliyofanyiwa haya yote inatosha. Hizo nyingine zifunge kwenye mfuko, zitatumika wiki ijayo.