Maji ya Usangu: yanayosemwa na yanayotokea mtoni

"Ng'ombe ndio waliokausha mto Ruaha Mkuu." Dhana hii imewagharimu watu wengi. Mto ulianza kukatika kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wakaondolewa na mifugo yao Ihefu, kinamasi cha bonde la Usangu, na 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Mto ukaendelea kukatika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tumkirimu ng'ombe lita 40 kwa siku. Mfereji unaopitisha lita 100 kwa sekunde, ambao kwa wilaya ya Mbarali si mkubwa, unabeba lita 8,640,000 kwa siku: za kuwanywesha ng'ombe 216,000. Mifugo ina makosa yake, kwato huharibu kingo na malisho huisha, lakini maji ya kiangazi yanaishia kwenye mifereji ya wakulima wa mpunga.

Nasema kiangazi makusudi. Mwezi Machi mpunga hauwezi kuumaliza mto. Shida inaanza Septemba, mito ya Mbarali, Kimani na Chimala inaposhuka milimani ikiwa imekonda. Pale maji yanapotokea Ihefu, Ng'iriama, kuna kizingiti cha mwamba. Kina kikishuka chini ya mwamba huo hakuna kinachovuka, hata kama nyuma yake kuna kinamasi kizima, na jua linaendelea kukinywa. Ndiyo maana maji kidogo ya Oktoba yana thamani kuliko mafuriko ya Machi.

Kwa nini basi mkulima ayatake Oktoba? Bei. Anayewahi kitalu anawahi kuvuna, na gunia la mapema huuzwa wakati wengi bado hawajaingia sokoni. Sehemu nyingine mfereji huachwa wazi kiangazi chote kwa sababu ndio bomba la kijiji: watu wanachota humo, wanafua humo. Ukimwambia mtu "funga maji" bila kisima, umemwambia nini?

"Banio la zege linaokoa maji." Hapa hata wataalamu hujichanganya. Banio ni kizuizi cha mtoni kinachogeuza maji yaingie mferejini. La asili, la magogo, mawe na udongo, linavuja, na mafuriko hulibomoa kila mwaka. Kujengewa la zege ni nafuu kubwa kwa wenye skimu ya umwagiliaji, na wanastahili. Ila kule kuvuja ndiko kulikokuwa kunampa maji mtu wa chini. Banio la kisasa limepimwa kwa maji ya masika. Kiangazi lina uwezo wa kuuchukua mto wote na kuugeuza mferejini. Hata maji "yanayopotea" kwenye majaruba ya mpunga, mengi hutokea kwa jirani wa chini naye akalimia. Ukiyazuia kisha ukaongeza ekari, hujaokoa kitu, umehamisha.

"Maji yakilipiwa yatatumiwa kwa uangalifu." Kitabuni, ndiyo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kibali cha kutumia maji huku hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Ada hufuata kiasi kilichoandikwa kwenye kibali, na mifereji mingi haina kipimo cha kuonyesha kilichopita. Mkulima akifunga geti mapema hapunguziwi hata shilingi. Watafiti waliofanya kazi Usangu walikuta ada ikileta kinyume: walio juu wanasema wameshalipia, kwa hiyo ni yao. Tena lita kwa sekunde zilizoandikwa kwenye vibali, zinazoeleweka Aprili, ukizijumlisha Novemba huenda zikauzidi mto wenyewe. Kwa maoni yangu mgao wa uwiano una maana zaidi: sehemu kadhaa ziingie skimu, sehemu kadhaa zibaki mtoni, uwe umejaa au umekonda. Zamu za maji wakulima wanazijua tangu zamani. Kinachokosekana ni zamu kati ya skimu na skimu.

"Mgao wa umeme ulisababishwa na wapanda mpunga." Bwawa la Mtera, lililo chini zaidi kwenye mto huu na ndilo ghala la maji la kituo cha umeme cha Kidatu, hujazwa na mafuriko ya masika. Hata mabanio yote yakifungwa Oktoba, bwawa halitajaa. Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni namna maji yanavyofunguliwa pale bwawani.

"Mti wowote hulinda chanzo." Mufindi na Njombe mtu anapanda mikaratusi bondeni na kupongezwa. Mti unaokua haraka unakunywa sana, na kijito kinaonyesha. Afrika Kusini iliandika hilo kwenye sheria yake ya maji ya 1998: mashamba ya miti ya biashara ni shughuli inayopunguza maji ya mito, na mwenyewe anahitaji kibali. Sisi Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mama wa kinyungu, bustani ya bondeni ya kiangazi, na kabichi zake za miezi mitatu, ndiye wa kwanza kufukuzwa.