Umeonja Juu ya Sufuria: Kusoma Ripoti za Gemu Ambayo Haijatoka

Kila studio kubwa inapoalika waandishi waijaribu gemu mpya ya RPG, yaani ile ya kumkuza mhusika wako ndani ya hadithi ndefu, maskani hugawanyika kabla jua halijatua. Kuna waliokwisha kuilipia, na kuna wanaosema waandishi wamehongwa. Hawa wa pili ndio wenye sauti siku hizi, hapa Mombasa kuanzia Bondeni mpaka Kisauni, na mimi niko nao nusu ya njia. Shaka yao ni halali ila wameielekeza siko. Wanamshuku mwonjaji, na kumbe cha kushukiwa ni kijiko alichopewa.

Sufuria ya wali wa watu mia mbili ukiionja juu utakuta chumvi sawa, wali umechambuka, huna habari kama chini ukoko umeungua. Gemu ya mpira haina taabu hiyo: mechi mbili tatu na umeshaijua. Gemu ya RPG ya saa 60 au 80 ina chini refu sana, na saa tatu za mwanzo ndizo zinazopigwa msasa kuliko zote, kwa sababu studio inajua hizo ndizo kila mtu atakazoziona.

Kijiko kinavyoandaliwa

Kwa kawaida mwandishi hupewa saa mbili hadi nne. Hukalishwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, mbele ya kompyuta yenye kadi ya grafiksi ya daraja la juu. Mara nyingi hachezi tangu mwanzo. Sevu, yaani faili ya mchezo uliohifadhiwa, imeshatayarishwa: mhusika yuko levo (ngazi ya ujuzi) ya 8 au ya 10, silaha anazo, pesa anazo, na amesimama mlangoni pa misheni iliyochaguliwa. Toleo analocheza lilitengwa wiki kadhaa au miezi kadhaa nyuma, likasafishwa kwa ajili ya siku hiyo. Nyuma yake yupo mtu wa studio; mhusika akinasa ukutani, mtu huyo huifungua sevu nyingine na mchezo unaendelea. Kunasa huko huandikwa nusu sentensi, au hakuandikwi.

Kabla ya hayo mwandishi hukubali masharti: asichapishe mpaka siku fulani, saa fulani, na asionyeshe sehemu fulani. Ndiyo maana ripoti kumi hutoka dakika ile ile, watu wakaona njama. Hapo hakuna njama, ni saa tu imefika. Cha kuangalia ni video. Nyingi hazikurekodiwa na mwandishi, zimetolewa na kampuni. Njia ya kujua ni rahisi: fungua ripoti mbili, ukiona pigo lile lile, kona ile ile, joka lile lile linaangukia upande ule ule, hiyo ni picha ya kampuni na haina ushahidi wowote juu ya alichokiona mwandishi.

Hongo nayo ipo, siikatai. Mwaka 2016 FTC, mamlaka ya Marekani ya kulinda wanunuzi, ilifikia makubaliano na Warner Bros. kuhusu gemu yao ya Shadow of Mordor ya 2014, kwa sababu watu wa YouTube walilipwa waisifu na watazamaji hawakuelezwa wazi. Lakini ripoti ya kawaida ya awali haihitaji pesa ili itoke tamu. Desturi ya kazi hiyo ni kutoipa alama gemu ambayo haijakamilika, kwa hiyo kila hitilafu huandikwa kwamba itarekebishwa. Na anayetumwa aghalabu ndiye aliye mpenzi wa gemu hizo pale ofisini. Ukimtuma mla biriani akaonje biriani, unatarajia akuletee habari gani?

Onyesho la kweli lililopotosha

Mfano bora kuliko yote ni zile dakika 48 za gemu ya Cyberpunk 2077 ambazo studio yake, CD Projekt Red, iliziweka hadharani Agosti 2018. Sehemu yake kubwa ya mwisho ni misheni ya The Pickup. Unakwenda kwa genge la Maelstrom kuchukua roboti kama buibui iitwayo Flathead. Unaweza kulipa kwa chipu ya pesa uliyopewa na Meredith Stout wa kampuni ya Militech. Unaweza kugundua kwanza kwamba chipu ina virusi na kuvitoa. Unaweza kulipa kwa pesa zako mwenyewe. Au unaweza kuchomoa bastola yaishe.

Gemu ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na misheni hiyo ilikuwemo, na njia zake zote zilikuwemo. Kwa hiyo anayesema onyesho lilikuwa la uongo, kwa misheni hiyo amekosea. Shida ni kwamba misheni nyingine zenye matawi mengi kiasi hicho zilikuwa chache mno. Flathead nayo, ambayo mtazamaji wa 2018 alikuwa na kila sababu ya kudhani atakuwa nayo safari nzima, unaitumia kwenye misheni ya The Heist tu, basi. Uwezo wa kukimbia ukutani uliondolewa kabisa kabla gemu haijatoka. Kijiko kilikuwa cha sufuria ile ile, isipokuwa kilichotwa mahali penye nyama nyingi.

Kisha likaja suala la mashine. Kabla ya siku ya kutoka, wahakiki walipewa toleo la kompyuta peke yake, na hawakuruhusiwa kutumia video walizorekodi wenyewe. Mwenye PS4, konsoli (mashine ya gemu) ya Sony, alisoma alama za mashine ambayo si yake. Wiki moja baada ya gemu kutoka, Sony iliiondoa kwenye duka lake, na haikurudi mpaka Juni 2021. Ndiyo maana swali la kwanza kuuliza ripoti yoyote ni: ilichezwa kwenye nini? Kama haikutajwa, au kama konsoli hazijaonyeshwa zikiwa zimebaki wiki mbili tu, weka pesa mfukoni.

Na kuna kosa moja kwenye gemu hiyo ambalo hakuna mwandishi wa saa nne angeliona, hata awe mkali kiasi gani. Kwenye kompyuta, faili ya sevu ikizidi megabaiti 8 iliharibika isifunguke tena. Sevu hunenepa kadiri unavyookota na kuunda vitu, kwa hiyo aliyeumia ni yule mchezaji mwenye bidii, wa saa nyingi, anayebeba kila bunduki aliyoikuta njiani. Ilirekebishwa tarehe 23 Desemba, na studio ikaeleza wazi kwamba sevu zilizokwisha kuharibika hazitarudi. Huo ndio ukoko ninaousema.

Sasa mtu atasema dawa ni kuongeza kijiko. Studio ya Larian walifanya hivyo. Waliuza sehemu ya kwanza ya Baldur's Gate 3 kuanzia tarehe 6 Oktoba 2020, na gemu kamili ikatoka kwenye kompyuta tarehe 3 Agosti 2023. Karibu miaka mitatu ya watu kuonja na kulalamika, na studio kusikiliza. Sehemu ya kwanza ikatoka imeiva kabisa. Malalamiko yakaibukia sehemu ya tatu, mle mjini, ambako fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zilishuka na hitilafu zikajaa, na hitimisho la kuagana na wenzako likaja kuongezwa na sasisho la mwisho wa Novemba. Na hii ni gemu nzuri, iliyobeba tuzo kubwa za mwaka ule! Uzuri wake haukuzuia chini kuwa tofauti na juu.

Kalamu ya risasi

Tuchukue sentensi niliyoitunga, ingawa mwenye kusoma ripoti hizi ataitambua sura yake: "Mapigano yana uzito, ulimwengu unapendeza, na kama studio itadumisha kiwango hiki, huenda tukapata gemu ya mwaka."

"Mapigano yana uzito" niamini, kwa sababu pedi alikuwa ameishika yeye. Uliza tu alikuwa levo gani na ugumu uliwekwa wapi. Mhusika aliyeandaliwa levo ya 10 ana ujuzi ambao wewe utaupata baada ya saa 12, na hizo saa 12 za kupiga pigo moja kwa panga la kutu hakuzicheza. "Ulimwengu unapendeza" ni habari ya macho. Tafuta kitenzi: aliingia nyumba ambayo haikuwa na alama kwenye ramani? Alimwibia mtu, na yule mtu akafanya nini? Onyesho la gemu ya Oblivion la 2005 liliwashangaza watu kwa wahusika wanaoishi maisha yao wenyewe. Gemu ilipotoka Machi 2006 ratiba zilikuwepo kweli, lakini tabia zilikuwa nyepesi kuliko zilivyoonekana jukwaani. Kipande cha tatu, chenye "kama" na "huenda" pamoja, hakina kitu ndani. Ni heri ya mwaka mpya.

Basi pitia ripoti nzima ukifuta kila sentensi yenye "kama", "huenda", "inaonekana" au "studio inasema". Ripoti ndefu hubaki aya tatu nne. Hizo ndizo ripoti.

Halafu linganisha ripoti tatu za watu waliocheza misheni moja. Hapa ndipo penye faida kubwa, na ajabu ni kwamba watu hawapafanyii kazi. Kama mmoja aliichoma ghala, wa pili akapatanisha, wa tatu akampoteza mwenza wake, matawi yapo. Kama wote watatu wanasimulia "tukio la ghafla" lile lile, na daraja limekatika kwa wote pale pale, lile tukio limepangwa na chaguo lako ni pambo. Tazama pia majibu kwenye mazungumzo: mwandishi mmoja alichagua ukali, mwingine upole, kama mhusika wa pili aliwajibu wote kwa sentensi ile ile, umeshajua.

Nikirudi kwa wenzangu wa shaka: kelele nyingi huishia kwenye rangi na sura. Dragon Age: The Veilguard ilipoonyeshwa Juni 2024, mabishano yalikuwa juu ya mtindo wa picha, kwamba wahusika wamefanana na vibonzo. Kilichowauma wapenzi wa muda mrefu baadaye ni kingine: ungeweza kuingiza maamuzi matatu tu kutoka Inquisition, gemu iliyoitangulia, na ya gemu mbili za kwanza hakuna hata moja. Habari hiyo ilijulikana kabla ya tarehe 31 Oktoba ilipotoka, kupitia ripoti hizo hizo zinazodharauliwa. Waliokuwa wakibishana juu ya nywele hawakuwa na nafasi ya kuisoma.

Bando, joto na saa mbili

Nyaya za intaneti za baharini, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini ujirani na waya haukupunguzii bando. Baldur's Gate 3 inataka gigabaiti 150 za nafasi. Mzigo wa ukubwa huo kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikiwa thabiti na stima isipotee, ni saa 33 na ushei. Gigabaiti 70 ni kama saa 15 na nusu. Kwa hiyo kosa la kununua hapa lina gharama mbili, pesa na bando, na hiyo ya pili hairudishwi na mtu.

Joto nalo lina hesabu yake. Fremu zilizotajwa kwenye ripoti zilipatikana kwenye chumba cha baridi. Laptopu kwenye chumba cha bati mwezi wa Februari, feni imenyonya vumbi la miaka miwili na hewa ya chumvi, itashusha mwendo wa kadi yenyewe ili isiungue, na gemu itaanza kukwama baada ya dakika 20 ingawa mwanzo ilikwenda vizuri. Safisha feni, badilisha ule mkorogo wa kupitisha joto juu ya prosesa, inua laptopu kwa nyuma, na ujaribu kwa saa nzima kabla ya kuamua kwamba gemu ndiyo mbovu.

Kuhusu kurudishiwa pesa: Steam, duka la gemu za kompyuta mtandaoni, hurudisha ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Ukilipia kabla haijatoka, unaweza kughairi wakati wowote mpaka itoke. Ila ukinunua toleo la bei ya juu linalokuruhusu kuanza siku chache mapema, tangu Aprili 2024 saa za siku hizo nazo zinahesabiwa. PlayStation ni wagumu zaidi: ukishaanza kushusha, haki hiyo imekwisha, isipokuwa gemu iwe na hitilafu.

Saa mbili hizo zinahesabu muda wote gemu ikiwa wazi, hata ukiwa kwenye menyu. Basi zitumie kwa mpangilio. Weka grafiksi kati na kati, nenda moja kwa moja mahali penye watu wengi, sevu, funga gemu, ifungue tena, uone kama sevu imesimama. Pigana mara mbili. Ongea na mtu mmoja mara mbili kwa majibu tofauti. Na kwenye kuunda mhusika, chagua sura ya kwanza utakayoikuta uingie ndani. Wapo waliomaliza dakika 50 wakitengeneza pua, wakabakiwa na saa moja na dakika 10 za kuamua kuhusu maelfu ya shilingi. Gemu nyingi siku hizi zina kioo mahali fulani, pua utairudia.