Kitasa cha ATM ya maziwa kikikwama: yanayosemwa na ukweli wake

Saa kumi na moja alfajiri pikipiki imeleta maziwa, mitungi iko mlangoni, na ufunguo haugeuki. Wenye ATM za maziwa, yaani mashine zinazouza maziwa zenyewe, mitaani Nairobi, Thika au Nakuru wanaijua hofu hiyo. Kila mpita njia ana dawa yake, na dawa nyingi kati ya hizo huharibu mlango mzima kwa sababu ya kitasa cha bei ndogo.

“Ufunguo haugeuki, kitasa kimekufa.”

Mara nyingi kitasa ni kizima. Mlango wa mashine yenye jokofu umezungukwa na mpira wa kuzuia baridi isitoke. Mpira unausukuma mlango nje, ulimi wa kitasa unauvuta ndani, na ulimi ukibanwa hivyo silinda, ile sehemu inayopokea ufunguo, inashindwa kuzunguka. Mwambie mtu auegemee mlango kwa viganja, karibu na kitasa, nawe ugeuze ufunguo taratibu. Angalia pia kama mashine imesimama sawa, maana sakafu ikiinama mlango nao hulala upande mmoja.

Kwenye mashine kubwa za soda, zile zenye mpini wa umbo la T, kosa huwa lingine. Ufunguo unauachia mpini utokeze tu. Baada ya hapo mpini huzungushwa mara nyingi kinyume cha mwendo wa saa, kama unafungua skrubu ndefu. Anayeuvuta tu huapa kwamba umekwama.

“Tia mafuta ya kupikia.”

Kitalegea, ndiyo, kwa siku hiyo. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani hunata kama gundi na kushika vumbi, na pini ndogo zilizo ndani ya silinda hukosa nafasi ya kupanda na kushuka. Grisi nzito ni hivyo hivyo. Dawa ya kupulizia ya WD-40 huondoa unyevu na kulegeza uchafu, kwa hiyo inafaa kuanzia, ila usiitegemee kama kilainisho cha miezi. Kilainisho kizuri ni unga wa grafaiti, jamii ya kile cheusi kilicho ndani ya penseli: ni mkavu, na vumbi haliung’ang’anii. Usiuchanganye na mafuta, utapata tope. Walio Mombasa au Malindi wakague vitasa mara kwa mara zaidi, kwa kuwa hata silinda ikiwa ya shaba, springi za chuma ndani yake huliwa na hewa ya chumvi.

“Ufunguo ukivunjikia ndani, gundi kali itautoa.”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Tone moja likiteleza pembeni linagandisha pini pamoja na kipande, na kitasa ambacho kingepona kinakuwa cha kutobolewa. Kinachozuia kipande kutoka, mara nyingi, ni mkao wa silinda. Ufunguo huingia na kutoka silinda ikiwa katika mkao wake wa kuanzia tu; ikiwa imegeuka hata kidogo, utavuta bure. Basi irudishe kwanza kwa ncha ya bisibisi nyembamba, bila kukisukuma kipande ndani. Kisha ingiza msumeno mwembamba kabisa ubavuni mwa kipande, meno yakielekea kwako, ukinase na kukivuta polepole. Usijaribu kuchomeka nusu uliyobaki nayo mkononi, itakizamisha zaidi. Wala usitupe vipande: fundi wa funguo anaweza kuvipanga pamoja na kukuchongea mwingine kutokana navyo.

“Mtaimbo ni haraka, na drili ni kuua mashine.”

Ni kinyume kabisa. Mtaimbo unapinda fremu, mpira haushiki tena, baridi inavuja na kompresa inafanya kazi bila kupumzika, huku maziwa yakihitaji kukaa karibu nyuzi 4. Drili katika mkono wa fundi inaharibu silinda peke yake. Chomoa umeme kwanza. Chembe za chuma lazima zizuiwe zisifike kwenye tangi au mrija, na mlango ukifunguka safisha kila kitu kabla ya kumwaga maziwa mapya. Kama mashine ni ya kukodi, mpigie simu mwenye nayo kabla ya yote. Fundi akikuuliza uthibitisho kwamba ni yako, usikasirike. Huyo ndiye wa kuaminiwa.

“Ufunguo wa duara hauchezewi.”

Mwaka 2004 huko Marekani ilionekana kwamba kufuli za baiskeli za muundo huo, zenye ufunguo wa mdomo kama bomba, zilifunguka kwa kalamu ya plastiki. Zipo imara na zipo dhaifu, umbo peke yake halitoshi. Ukienda dukani kununua kipya, beba kile cha zamani pamoja na ulimi wake, upime urefu wa mwili na upana wa tundu. Ulimi ukizidi au kupungua hata milimita chache, mlango hautabana mpira, au utaubana mno na ufunguo utakwama tena.