Je, wajua kwa nini kigawo kikubwa cha shirika hupatikana hata bila kutafuta namba tasa?

Tuseme kitalu cha ushirika mmoja karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe, kina miche 1,591 ya parachichi, 1,517 ya kahawa na 2,183 ya chai. Wanachama wanataka kuigawa kwa vikundi vingi kadiri inavyowezekana, kila kikundi kipate idadi ileile ya kila aina, wala usibaki mche hata mmoja. Idadi ya vikundi wanayoitafuta ndiyo kigawo kikubwa cha shirika (KKS), yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya namba hizo tatu bila kubakiza.

Wengi wetu tulifundishwa shule ya msingi kuzigawanya namba kwa namba tasa, kisha kuzidisha zile zilizogawanya zote. Njia hiyo ni sahihi, na kwa namba kama 12, 18 na 30 inatosha kabisa. Ila kwa 1,517 mwanafunzi atajaribu 2, 3, 5, 7 na kuendelea hadi 31, namba tasa 11 zote zikikataa, ndipo aifikie 37.

Kuna njia nyingine iliyoelezwa na Euclid wa Alexandria, nchini Misri, takriban mwaka 300 kabla ya Kristo. Gawanya namba kubwa kwa ndogo na utazame baki. Kisha gawanya ile ndogo kwa baki hilo, na uendelee hivyo hadi baki liwe 0. Kigawanyi cha mwisho ndicho KKS. Hapa 1,591 kwa 1,517 inabakiza 74. 1,517 kwa 74 inabakiza 37. Na 74 kwa 37 haibakizi kitu. Jibu la namba mbili za kwanza ni 37.

Kwa nini baki lijue siri ya namba zilizolizaa? Namba yoyote inayogawanya 1,591 na 1,517 lazima igawanye pia tofauti yao, 74, kwa kuwa ukiondoa mafungu kamili ya ukubwa fulani kutoka kwenye mafungu kamili ya ukubwa uleule, kinachobaki nacho ni mafungu kamili. Kinyume chake pia ni kweli: namba inayogawanya 1,517 na 74 lazima igawanye jumla yao, ambayo ni 1,591. Kwa hiyo vigawo vya shirika vya jozi ya kwanza ndivyo vilevile vya jozi ya pili. Hakuna kilichopotea wala kilichoongezeka, ila namba zimekuwa ndogo. Mara nyingi tofauti peke yake humaliza kazi: vigawo vya 74 ni 1, 2, 37 na 74 tu, na kwa kuwa namba zetu ni witiri, 2 na 74 haviwezekani, hivyo inabaki kuipima 37.

Mwaka 1844 Mfaransa Gabriel Lamé alithibitisha kwamba hatua za kugawanya hazizidi mara tano ya idadi ya tarakimu za namba ndogo. Kwa 1,517 kikomo ni hatua 20. Sisi tumetumia tatu.

Na ile namba ya tatu? Kwa kuwa kila kigawo cha shirika cha namba mbili za kwanza ni kigawo cha 37, inatosha kutafuta KKS ya 37 na 2,183. Kwa kuwa 2,183 ni 37 mara 59, jibu la zote tatu ni 37: vikundi 37, kila kimoja kikipata miche 43 ya parachichi, 41 ya kahawa na 59 ya chai. Zingekuwa namba kumi, ungeendelea vivyo hivyo, ukichukua jibu ulilolipata na kulilinganisha na namba inayofuata.

Wanafunzi wengi hujikwaa hapa kwa kutafuta KKS ya kila jozi peke yake na kudhani jibu limo humo. Chukua 6, 10 na 15: 6 na 10 zina 2, 6 na 15 zina 3, 10 na 15 zina 5, lakini zote tatu kwa pamoja hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1. Ukifuata njia ya Euclid, 6 na 10 zinakupa 2, kisha 2 na 15 zinakupa 1. Na mara tu unapoipata 1, hata kama orodha bado ni ndefu, unaweza kuacha kuhesabu, kwa sababu hakuna namba nzima itakayokuja mbele kuibadilisha.