Kiseyeye: ugonjwa wa mabaharia ambao dawa yake ilikuwa sokoni

Kiseyeye ni nini, na kwa nini kiliwaandama mabaharia?

Ni ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mwili huitumia kutengeneza kolajeni, protini inayoimarisha ngozi, fizi, mifupa na mishipa ya damu. Wanyama wengi hujitengenezea vitamini hii. Binadamu hawezi, lazima aipate kwenye chakula.

Baharia wa kawaida kwenye meli ya biashara ya karne ya 19 alilishwa nyama ya chumvi, biskuti ngumu, njegere kavu na chai. Tumbo lilijaa, lakini vitamini C haikuwemo. Akiba ya mwili huisha ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu, na meli iliyozunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika Kusini, ilikaa baharini zaidi ya hapo.

Dalili zake ni zipi?

Huanza na uchovu na maumivu ya miguu, dalili ambazo ni rahisi kudhaniwa uvivu. Kisha fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na vidoa vya damu hutokea kuzunguka vinyweleo, hasa miguuni. Vidonda haviponi, hata kovu la zamani huweza kufumuka. Asiyetibiwa hufa.

Mgonjwa aliponywa na nini?

Matunda na mboga tu. Mwaka 1836 meli ya Marekani iitwayo Alert ilikuwa inarudi Boston na shehena ya ngozi kutoka California. Wawili walishikwa na kiseyeye, mmoja wao kijana Mwingereza ambaye kinywa kilivimba hata hakuweza kutafuna. Karibu na mwisho wa safari walikutana na meli nyingine, wakapewa viazi na vitunguu. Wenzake walitwanga viazi vibichi, wakamkamulia maji yake anywe. Siku kumi baadaye alikuwa juu ya mlingoti akikunja tanga. Si muujiza: uchovu wa kiseyeye huanza kupungua ndani ya siku moja au mbili za kupata vitamini C, ingawa kupona kabisa huchukua wiki kadhaa hadi miezi.

Kama dawa ilijulikana, mbona waliendelea kuugua?

Kwa maoni yangu, ubahili uliwaua wengi kuliko ujinga. Daktari James Lind aliwajaribu mabaharia 12 mwaka 1747, na waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kugawa maji ya limau mwaka 1795. Meli za biashara za nchi hiyo zilisubiri sheria ya 1844, na hata hapo baadhi ya wenye meli walinunua maji ya bei rahisi yaliyochakachuliwa. Wagonjwa walizidi kufikishwa Dreadnought, hospitali ya mabaharia iliyokuwa ndani ya meli huko Greenwich, mpaka sheria ya 1867 ilipoagiza maji hayo yakaguliwe.

Tatizo jingine lilikuwa tunda lenyewe, maana baadaye ndimu ilishika nafasi ya limau. Ndimu ina vitamini C pungufu kuliko limau, na maji yake yakikaa muda mrefu au kupita kwenye mabomba ya shaba hubakiza kidogo sana.

Mimi sili matunda kila siku. Niogope?

Kama unakula mboga za majani, nyanya au viazi mara kwa mara, hapana. Pera moja la kawaida linatosha mahitaji ya siku nzima na zaidi. Ila usichemshe mchicha mpaka ulegee kabisa halafu ukamwaga maji yake.

Walio hatarini ni wazee wanaoishi peke yao kwa chai na mkate, walevi wasiokula, na watu wanaotegemea mgao wa nafaka. Mwaka 2017 na 2018 kiseyeye kiliwapata vijana wakimbizi wa Sudan Kusini katika kambi ya Kakuma, Kenya. Fizi zikitoka damu huku miguu ikiuma na kuota madoa, nenda kituo cha afya na umweleze mhudumu unachokula kila siku, maana ukitaja fizi peke yake huenda ukatibiwa meno tu.