Madoa ya kahawia yanayovimba yakisuguliwa

Mtoto mwenye madoa ya kahawia mgongoni na tumboni huletwa kwangu akiwa ameshapakwa dawa ya choa, dawa ya fangasi, na liwa juu yake. Madoa yapo palepale. Nachagua doa moja tu, nalisugua kama mara tano kwa kitu butu, nasubiri. Baada ya dakika chache linanyanyuka na mtoto anaanza kujikuna. Choa haifanyi hivyo. Vitabu vinasema doa hugeuka jekundu, lakini kwenye ngozi zetu wekundu hufichika. Pitisha kidole uusikie uvimbe.

Huo ni ugonjwa uitwao mastositosisi. Seli za masti, alizozipa jina mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1878, ni sehemu ya kinga ya mwili na zimejaa histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe. Kwa mgonjwa huyu zimezidi, mara nyingi kwa hitilafu ya jeni iitwayo KIT, na zikichokozwa humwaga zilichobeba. Hauambukizi, wala hakuna aliyemtupia mtoto jicho. Wengi huanza kabla ya miaka 2 na madoa hufifia kufikia balehe. Ukianza ukubwani ni habari nyingine: seli hizo mara nyingi zimo hadi kwenye uboho, kwa hiyo tunapima triptesi, kimeng'enya kinachotoka kwenye seli hizo, katika damu, na ikipita nanogramu 20 kwa mililita, uboho nao uchunguzwe.

Vichochezi ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Joto, maji ya moto, msuguano. Bibi arusi mwenye madoa haya asisuguliwe singo kwa nguvu. Somo wake aambiwe mapema, apakwe taratibu. Kuumwa na nyuki au nyigu kunaweza kumwangusha mtu mzima akazimia. Dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini na kodeini hazimdhuru kila mgonjwa, ila kwa baadhi yao ni hatari kubwa, na kwetu sindano ya maumivu ya mgongo huombwa kama peremende. Jodari aliyekaa juani naye hujaa histamini, na kumpika hakuiondoi.

Setirizini, dawa ya aleji, inywewe kila siku, si siku ya kuwashwa tu. Tumbo likichoma, famotidini, dawa ya kupunguza asidi, husaidia. Hazifuti madoa; zinatuliza histamini. Kwa ugonjwa uliosambaa mwilini zipo dawa zinazoilenga KIT yenyewe: Marekani iliidhinisha midostaurini mwaka 2017 na avapritinibu mwaka 2021.

Mgonjwa akianza kuhema kwa shida au kulegea, mlazeni, miguu juu. Akishindwa kupumua akiwa amelala, akae, lakini msimsimamishe. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje, kisha hospitali. Msipoteze muda kwa kidonge cha aleji.

Na kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino, mwambieni daktari jina la ugonjwa, naye aliandike kwenye faili kwa herufi kubwa. Baadhi ya dawa za usingizi na maumivu, morfini ikiwemo, huzichokoza seli hizi, na akijua mapema anaweza kuchagua nyingine.